Uso wa Monsenyeri kwenye Kikwembe

Ngaa, ngaa, ngaa. Chuma juu ya chuma. Hadi leo naisikia sauti ile vizuri kuliko sauti ya simu yangu mwenyewe. Paruasi yetu, parokia ya Katuba hapa Lubumbashi, haina kengele ya kweli. Ina kipande cha reli kilichofungwa kati ya nguzo mbili, na bolti nene ya kukipigia. Ukikulia jirani nacho unajifunza lugha yake: mapigo ya taratibu ni misa, matatu matatu ni sala ya adhuhuri, na moja moja, yenye kupumua katikati, ni mtu amekufa. Siku ile, saa sita mchana, kilipigwa ovyo, haraka haraka, bila hesabu, kama mtu anayefukuza nyani shambani kwa sufuria.

Nilikuwa kwenye atelye, mguu kwenye mashini ya kushona, nusu ya kola mkononi. Mama mwenye atelye alisema labda kanisa linaungua. Mteja aliyekuwa anapimwa kiuno alisema hapana, hiyo ni vita, akatoka mbio na pini zangu zote kwenye sketi. Nasi tukamfuata. Tulimkuta mzee wa sakristia anapiga reli huku analia na kucheka kwa pamoja.

“Mompere wetu,” alisema, yaani padri wetu. “Bamemuweka askofu. Askofu musaidizi wa Lubumbashi.”

Nilikaa chini. Kwenye vumbi, na sketi yangu safi, na mtu akaniruka.

Niseme kwanza padri huyo alikuwa nani kwetu. Baba yake alikuja kutoka kaskazini mwa Katanga kufanya kazi ya reli, na mtoto alikulia kati ya mafundi, basi hata alipokuwa padri mikono yake haikukubali kutulia. Mbabula ya mtu, jiko lake la makaa, ikitoboka, ataiziba. Mashini hii ninayoshonea ilikufa mwaka fulani, akaja, akapandisha kanzu hadi magotini, akalala chini yake kwenye vipande vya nyuzi. Mama mwenye atelye aliona aibu, akamwomba ainuke. Akajibu kutoka kule chini kwamba mashini hii haitaki kuungama mpaka padri alale.

Mimi niliacha masomo mwaka wa tatu wa sekondari. Hakuniuliza kamwe kwa nini niliacha. Aliniuliza ninaota nini. Nikamwambia ninaota atelye yangu pale mjini, yenye dirisha kubwa la kioo, na mwanamke wa plastiki ndani anayevaa nguo zangu usiku na mchana bila kuchoka. Hakucheka. Alitaka kujua huyo mwanamke wa plastiki atakuwa mnene au mwembamba, kwa sababu wateja wa Katuba hawawezi kujiona kwa mwembamba.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa hadi nje. Baada ya misa wamama walimzunguka, wakataka kujua hiki cheo cha usaidizi ni kikubwa ama ni kidogo. Akawaeleza kwa lori. Alisema yaya yake marehemu, yaani kaka yake mkubwa, alikuwa dereva wa malori ya njia ya Mokambo, na kwenye kila lori kuna watu wawili. Dereva anashika usukani. Wa pili analala juu ya mizigo, na kila mnaposimama anashuka kuangalia magurudumu na kukaza kamba. “Mimi niko ule wa pili,” alisema. “Kule Askofu mukubwa hafiki, mi nashuka.” Kipaimara cha vijijini, paruasi ya ndani kabisa, mapadri wasiosalimiana: hiyo ndiyo kazi.

Mama mmoja alikuwa bado na shaka. Aliuliza kama kweli msaidizi ana mji wake, maana askofu bila mji ni kama chifu bila udongo. Padri alisema anao. Kila askofu anapewa mji, ila msaidizi anapewa mji wa zamani, ambao watu wake waliisha miaka mingi sana iliyopita. Wake uko ng'ambo ya jangwa, mbali huko, limebaki jina na mawe. Watu wakacheka, wakasema basi hatasumbuliwa na waamini.

Mama wa padri hakucheka. Nilikuwa karibu naye, nilimwona. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, mjane, sote tulimwita Kambo kama unavyomwita nyanya yako. Zamani aliuza samaki wakavu wa Kasenga. Alizaa wavulana wawili, yule wa malori na huyu. Aliposikia habari ya mji wa watu waliokwisha, alikivuta kitambaa cha kichwa mbele kidogo, hivi, kama mtu aliyepigwa na jua.

Kisha vikaja vikwembe. Kwetu hakuna sikukuu kubwa bila kikwembe chake, kitambaa kilichochapwa kwa ajili ya siku hiyo, kila mtu anashona kwa mtindo wake lakini wote ni rangi moja. Komite ya wamama ilichagua bluu. Kwenye bluu kulikuwa na duara nyeupe, kubwa na ndogo, na katika kila duara uso wa padri wetu, tayari amevaa kofia ndefu ya kiaskofu ambayo alikuwa hajawahi kuigusa, kompyuta ndiyo ilimvalisha. Chini ya uso waliandika mwaka aliozaliwa, mstari mfupi, na mwaka wa kuwekwa askofu. Kati ya duara na duara, maua. Tulivipokea kwa vigelegele. Nilikibusu cha kwangu mbele ya watu, sikuona haya.

Na mimi, kati ya mafundi wote wa Katuba, ndiye niliyepewa nguo ya mama wa Monsenyeri, maana ndivyo tulivyomwita tayari. Siku mbili sikula vizuri. Niliwaza picha zitakazopigwa, niliwaza mtu wa mjini atakayeuliza nani ameshona ile. Kuna sheria moja katika atelye yetu unapokata kikwembe chenye sura: uso usiangukie mahali mtu anapokalia. Mteja akimkalia askofu, aibu ni ya fundi. Nilipima makalio ya nguo ile mara nne. Niligeuza kitambaa, nikasogeza, nikahakikisha nyuma kote ni maua matupu. Na duara kubwa kuliko zote nikaiweka kifuani, katikati kabisa, nikajipongeza.

Nilimpelekea ajaribu. Alikuwa kwenye kiti chake uani, anachagua mawe kwenye maharagwe. Nikaikunjua nguo mbele yake, nikiishika mabegani, nikitabasamu kama mjinga.

Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza polepole:

“Ni nani alikufwa?”

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia hapana, Kambo, ni Monsenyeri, ni mutoto yako.

“Niko naona ni mutoto yangu. Nakuuliza juu ya nini bamemuweka pa kikwembe.”

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichokunjwa ndani ya plastiki. Ilikuwa tisheti nyeupe, ya zamani, haikuvaliwa zaidi ya mara moja. Kifuani, katikati kabisa, uso wa mwanaume. Nilimtambua kwa macho, ni macho ya padri. Alikuwa yaya yake, yule wa njia ya Mokambo. Nazijua tisheti hizo, nani Lubumbashi hazijui? Mtu akifa, rafiki zake wanachapisha uso wake, wanavaa siku ya mazishi. Kambo aliitandika tisheti juu ya meza, akachukua nguo yangu mikononi mwangu, akaiweka kando yake. Uso na uso. Duara na duara. Chini, mwaka, mstari mfupi, mwaka.

“Mi sikusoma,” alisema. “Lakini ule mustari wa katikati naujua. Uko hata pa musalaba wake kule makaburini. Soma.”

Nikasoma. Mwaka wa kuzaliwa. Mstari. Mwaka wetu huu tunaoishi. Tulikiona kitambaa kile watu wangapi? Komite, mchapaji, mapadri, mimi niliyekibusu. Wote tuliosoma. Na hakuna hata mmoja aliyeona tumemwandika kama wanavyoandikwa wafu.

“Mwaka haiyaisha,” Kambo alisema, “na bameisha kumuandikia. Bamemupa muji wa bantu bamekufwa, na sasa hii.” Hakupaza sauti. Laiti angepaza. “Umuambie mi sitaenda siku ile. Mama haendi ku kilio ya mutoto wake na mutoto iko muzima.”

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nilisimama pale na mikono mitupu mpaka akaniambia nichukue kitu changu.

Nilikimbia. Kesho yake asubuhi padri alikuwa aondoke kwenda mafungo kabla ya kuwekwa wakfu, na huko hakuna anayeruhusiwa kumsumbua, basi ilikuwa siku ile ama basi. Nilimkuta chumbani anapanga vitabu kwenye katoni. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, pamoja na makalio na maua. Mwanzoni alicheka, akasema mama yake hata ndoto mbaya anaipeleka kwa padri iombewe. Kisha nikamtandikia nguo juu ya katoni, nikaweka kidole kwenye mstari.

Aliketi juu ya vitabu vyake.

Alisema ni yeye mwenyewe aliyekubali mchoro. Walimletea kipande cha kujaribu, akakitazama dakika nyingi, akaweka sahihi. Nikamuuliza alikuwa anatazama nini. “Kama kofia imenyooka,” alijibu. Nilishtuka upya. Sikujua kama askofu anaweza kukosea kosa lilelile langu, kupima makalio na kusahau kifua.

Ndipo akanisimulia mambo ambayo sikuyategemea. Yaya yake alipokufa, yeye alikuwa padri kijana huko Kasenga, mtoni, akila samaki mpaka kanzu ilinuka samaki. Mvua ilikata barabara. Mama yake alizuia maziko siku mbili akimngoja, akawaambia watu hataki mtoto wake azikwe na sauti ya mgeni. Alifika na tope hadi kiunoni, akasema sala za kaburini kwa yaya yake mwenyewe, bila kulia, kwa sababu padri halii. Baada ya hapo akapelekwa Mokambo, mpakani, akaungamisha madereva kwenye foleni za malori. Kisha masomo ng'ambo, kisha kufundisha seminari, kisha sisi. Kila alipopanda cheo alimletea mama yake picha. Na kila alipokuja nyumbani alikuta picha zake zote zimegeuzwa, uso ukutani.

“Nilifikiri hataki kujivuna mbele ya majirani,” alisema. “Miaka yote ile nilifikiri ni unyenyekevu. Nikamuhubiri hata kwenye mahubiri, mama mwenye kujificha.” Alisugua macho kwa kiganja. “Kumbe alikuwa anaogopa kuniangalia pa karatasi.”

Nilitaka kumshika mkono lakini ni askofu. Akauliza kama kikwembe kinaweza kurudishwa. Nikamwambia haiwezekani, kimekwisha kugawiwa, Katuba nzima imeshona. Alikubali kwa kichwa. Watu wametoa walichonacho, alisema, hawezi kuwavua nguo. Halafu akanitazama mimi, niliyeishia mwaka wa tatu.

“Wewe ndio uko na makasi. Unasema nini?”

Nilisema kitu cha kwanza kilichokuja: kwamba kati ya duara na duara kuna maua. Naweza kuifumua nguo ya Kambo, nikate nyuso zote nje, nishone nguo ya maua matupu. Itakuwa kikwembe kilekile, rangi ileile, lakini bila mtu ndani.

“Kata.”

“Nitakukata wewe, Monsenyeri?”

“Unikate basi muzuri,” alisema, “usifike pa shingo.”

Sijawahi kuogopa makasi kama siku ile. Nilifanya ishara ya msalaba kabla ya kila duara. Mama mwenye atelye alisema ninakata kama mtu anayepasua tumbo la ndugu yake. Vipande vya maua vilikuwa vidogo, vingine ukubwa wa kiganja, ikabidi niviunganishe kama viraka, mshono juu ya mshono. Ndoto yangu ya mtu wa mjini anayeuliza nani ameshona ilikwisha hapo.

Mama prezidenti wa komite alipata habari. Mdomo wa Katuba hauna mlango. Alikuja akiwa amevaa kikwembe chake tayari, sura ya Monsenyeri kifuani, akasimama mlangoni.

“Mutoto wa kushona ndio sasa anafundisha komite kusoma?”

Nilimwonyesha mstari tu. Alitazama kipande mkononi mwangu, kisha akashusha kidevu, akajitazama kifuani mwake mwenyewe. Alikaa hivyo, kidevu chini, kama mtu aliyemwagikiwa mchuzi. Akaondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi na mkanda mdogo wa dantela, lesi nyeupe, akaniomba niushone juu ya tarakimu tu, na nisimwambie mtu. Mchana akaja mama mwingine, na dantela, na nisimwambie mtu. Jioni watatu. Kufika Ijumaa, dantela nyeupe ilikuwa haipatikani tena sokoni Katuba, na kila mmoja aliamini siri ni yake peke yake.

Nguo ya Kambo niliipeleka Alhamisi. Aliigeuza mbele na nyuma, akatafuta kila mshono kwa kidole kama anayetafuta mwiba. Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja. Aliniuliza tu kama nimekula.

Siku yenyewe uwanja ulikuwa bluu kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya kila uso wa askofu, kamkanda ka dantela. Wamama wa paruasi nyingine walikuwa wanaulizana hii mode, mtindo huu, imetoka wapi na kwa nini wao hawakuambiwa. Ningecheka. Lakini kiti cha mbele, cha mama wa Monsenyeri, kilikuwa kitupu. Maandamano yakaingia, kitupu. Masomo yakasomwa, kitupu. Nilimwona padri wetu anageuza kichwa kidogo upande ule, mara moja, kisha hakurudia. Nilijua kosa ni langu. Kama ningeweka maua kifuani toka mwanzo, kama ningetazama.

Ikafika litania ya watakatifu. Padri alishuka, akalala kifudifudi juu ya zulia, amenyooka, mikono chini ya paji la uso, kanzu nyeupe nzima kama sanda. Watu wote wakapiga magoti wakiita watakatifu. Na ni wakati huohuo, sio mwingine, Kambo alitokea kwenye njia ya katikati. Peke yake. Amevaa viraka vyangu vya maua. Akasimama akimtazama mtoto wake aliyelala chini bila kutikisika.

Niliruka magoti ya watu, nikamkanyaga mmoja, nikafika nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. Nikamnong'onezea kwamba ni sala, ataamka.

“Najua ni sala,” alisema. “Nilikuwa ku upadri wake. Acha kwanza nione.”

Tukasimama wawili kati ya watu wote waliopiga magoti. Litania ilikuwa ndefu, sijui kama mbinguni kumebaki mtakatifu ambaye hakuitwa. Kambo hakupepesa macho. Padri alipoinuka, akatoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu nyumbani, na hapo tu akakubali kuongozwa kwenye kiti.

Baadaye, amekwisha kupakwa mafuta na kuvalishwa pete na kofia, Monsenyeri akazungushwa kati ya watu kutoa baraka. Alipofika mstari wa mbele watu walinyoosha shingo, wakitaka kuona kama mama atapiga magoti mbele ya mtoto aliyemzaa. Hakupiga magoti. Hakubusu pete. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye shavu la askofu, kisha nyuma ya shingo, kisha kwenye paji la uso chini ya kofia, mpaka kofia ikasogea upande. Alimgusa kama anavyoguswa mtoto mwenye homa. Monsenyeri aliinama ili amfikie vizuri, na machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

“Iko moto,” Kambo alisema, akinigeukia mimi kwa sababu nilikuwa karibu. “Muzuri. Iko moto.”

Sikusikia vigelegele vilivyofuata. Wanasema vilikuwa vikubwa.

Jumatatu nilirudi atelye. Kwenye kona, ndani ya kapu la masalio, nyuso nilizokata zilikuwa bado zinanitazama, tisa, ukingo umeanza kuchanika nyuzi. Mama mwenye atelye alisema masalio ni ya kujazia mito, kama siku zote, akaenda sokoni kutafuta vifungo. Nilibaki peke yangu. Nilizitandaza zote mezani. Nilichukua makasi madogo, na kwenye kila duara nikakata mwaka wa pili, tarakimu zile tu, nikauacha mwaka wa kuzaliwa na mstari wake, unaokwenda na kuishia kwenye uwazi. Kisha nikakaa kwenye mashini, nikazipinda ukingo moja baada ya nyingine, polepole, ili zisifumuke, nikakata uzi wa mwisho kwa meno.